Mvuke Hauzuiwi na Tepu

Tone lilidondoka kila baada ya sekunde kumi hivi kutoka kwenye elbo ya pili juu ya boila, na chini yake jirani yangu alikuwa amekinga ndoo tupu ya rangi. Ilikuwa Januari, mjini Buffalo katika jimbo la New York, na theluji ilikuwa imeziba vidirisha vyote vya chumba cha chini. Jirani ni mzaliwa wa Uvira, mtu mzima kunizidi, na nyumba aliyoinunua kwa jasho la miaka mingi ina zaidi ya miaka mia moja. Alimulika elbo kwa tochi ya simu. Tepu nyeupe ilikuwa imetokeza pande zote kama bandeji, na juu ya tepu kulikuwa na dawa ya kijivu iliyopakwa kwa kidole.

"Nimelifungua ungio hili mara tatu," aliniambia. "Mara ya kwanza nilizungusha tepu mara nne, ya pili mara nane, hii ya mwisho sikuhesabu. Mvuke una nguvu, ndugu yangu."

Maneno hayo ya mwisho nimeyasikia kwenye duka la vifaa, nimeyasikia kwa mafundi wenye leseni, na kwa miaka mingi niliyasema mwenyewe. Nyuma yake kuna hoja ambayo kila mtu huiona imekamilika: mvuke una nguvu kuliko maji, kwa hiyo ungio la mvuke linataka tepu nyingi zaidi, dawa kali zaidi na spana ndefu zaidi. Ninaipinga hoja hiyo yote, tangu msingi wake hadi ushauri unaotokana nao, kwa sababu nimeona jinsi inavyowafanya watu wapambane na ungio lisilo na kosa huku kosa lenyewe likiachwa liendelee kuila nyumba.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuishi kwenye nyumba ya namna hii, nieleze kidogo. Chini ya nyumba kuna boila, chungu cha chuma kinachochemsha maji kwa gesi. Mvuke hupanda kwenye mabomba mpaka kwenye rejeta za chuma zilizowekwa chini ya madirisha. Rejeta hupoa kwa kukipa chumba joto, mvuke hurudi kuwa maji, na maji hushuka yenyewe kwenye boila yakifuata mwinamo wa bomba. Katika nyumba nyingi za zamani bomba ni moja tu: mvuke unapanda na maji yanashuka humo humo, bila pampu. Buffalo imeshiriki sana katika historia ya kazi hii. Mwaka 1892 kampuni ya Pierce ya mji huu iliungana na mbili za Detroit, ikazaliwa American Radiator Company, ambayo baada ya muungano mwingine mwaka 1929 ndiyo iliyokuja kuitwa American Standard, jina ambalo leo wengi hulisoma kwenye vyoo na masinki.

Tuanze na hiyo nguvu. Presha ya mvuke kwenye nyumba ya kawaida hupimwa kwa pauni kwa kila inchi ya mraba, kipimo kile kile tunachotumia kujaza matairi. Tairi la gari dogo hujazwa pauni thelathini na kitu. Maji ya mji yanayofika kwenye bomba la bafuni mara nyingi huwa pauni 40 hadi 60. Sufuria ya presha jikoni hupika maharage kwa pauni zinazokaribia 15. Mvuke unaopasha nyumba nzima joto, rejeta kumi na zaidi, ghorofa mbili? Pauni moja na nusu. Kidhibiti cha presha kwenye boila za nyumbani kwa desturi huwekwa hivyo: moto uwake presha ikishuka mpaka nusu pauni, uzimike ikifika pauni moja na nusu. Nyumba nyingi hupata joto lake lote kabla hata sindano ya geji haijatikisika.

Kwa hiyo bomba la sinki katika nyumba ile ile linabeba presha inayozidi ya mvuke mara thelathini, na hakuna anayelizungushia tepu mara nane kwa hofu.

Hofu hii haikutoka hewani. Tarehe 20 Machi 1905, boila ya kiwanda cha viatu cha Grover mjini Brockton, Massachusetts, ililipuka na watu 58 wakafa. Msiba huo ndio uliolisukuma jimbo la Massachusetts kutunga sheria za boila mwaka 1907, na baadaye chama cha wahandisi wa mitambo, ASME, kutoa kanuni zake ambazo mpaka leo boila ya nyumbani Marekani hujengwa kwa kuzifuata. Lakini boila ya Brockton ilikuwa ya kiwanda. Boila ya nyumbani ni ya tabaka lingine kabisa: kwa kanuni hairuhusiwi kuzidi pauni 15, na ina vavu ya usalama inayofunguka yenyewe ikifika hapo. Anayeogopa mvuke ana haki ya kuogopa. Ila aelekeze hofu yake kwenye vavu ya usalama, na kwenye kioo cha kuonyesha kina cha maji, kwa maana boila iliyowashwa bila maji ni hatari ya kweli. Elbo inayodondosha tone haipaswi kuwa ya kwanza kwenye orodha yake.

Na joto je? Watu husema tefloni itayeyuka kwenye mvuke. Mvuke wa pauni moja na nusu una nyuzi kama 103 za Selsiasi. Tefloni hutumika bila wasiwasi hadi nyuzi 260, na huyeyuka ikifika 327. Hapo hakuna mjadala.

Sasa nije kwenye ungio lenyewe, maana hapa ndipo watu wengi, na mafundi wengi, wanapokosea kujua kinachoziba ni nini. Chukua kipande cha bomba la chuma chenye hesi, zile ambazo fundi wa mtaani huziita thredi, ukiangalie kwa upande. Utaona si mwili ulionyooka. Unachongoka: kila unaposogea milimita 16 kuelekea mdomoni, kipenyo kinapungua milimita moja. Ndani ya elbo hesi nazo zimechongoka kwa kiasi hicho hicho. Ukiingiza bomba kwa mkono litaingia mizunguko minne au mitano likiteleza, kisha litakwama, na hapo spana inaongeza miwili au mitatu. Katika mizunguko hiyo ya mwisho chuma kinabanwa ndani ya chuma kama kizibo kwenye shingo ya chupa. Huo mbano ndio unaoziba. Aliyepanga vipimo hivi vya Kimarekani alikuwa Robert Briggs, aliyesimamia karakana ya Pascal Iron Works huko Philadelphia katikati ya karne ya 19, na mwaka 1886 watengenezaji pamoja na ASME walivikubali kuwa kipimo cha wote.

Mbano huo, hata hivyo, huacha upenyo mmoja. Ncha za hesi na mabonde yake hukatwa bapa kidogo, kwa hiyo baina ya ncha ya hesi moja na bonde la nyingine panabaki njia nyembamba inayozunguka bomba kama ngazi ya mnara, tangu ndani hadi nje. Kazi ya tepu, dawa au katani ni kujaza njia hiyo nyembamba. Ina kazi nyingine ambayo kwa maoni yangu ni kubwa zaidi: kulainisha. Chuma kikavu kikisuguana na chuma hung'ang'ania, huchubuka, na spana husimama kabla mbano haujatimia. Ukilainisha, unafika pale hesi zilipokusudiwa kufika.

Ukishaelewa hivyo, utaona kwa nini tepu nyingi inaharibu. Tepu nene hukaa katikati ya chuma na chuma na kuvitenga. Mkononi utahisi ungio limekaza, kumbe kilichokaza ni plastiki. Kisha, kwa kuwa tefloni inateleza mno, mtu mwenye spana ndefu huendelea kusukuma bila kuhisi alipofika, na viunganishi vya mvuke kwa kawaida ni vya chuma cha kusubu, ambacho hakivutiki. Hupasuka. Ufa wake huwa mwembamba kama unywele, hauonekani mpaka mvuke ufike, na mwenye nyumba ataamini kwamba tepu haikutosha, aongeze tena.

Nilijifunza kazi hii Tanga, kwa fundi aliyekuwa akitumia nyuzi za katani na rangi nzito ya mafuta. Alinifundisha kuukwaruza kwanza mdomo wa bomba kwa msumeno ili katani isiteleze, kisha nizungushe nyuzi kufuata upande wa kukaza, chache tu, ziingie ndani ya mabonde ya hesi na zisipande juu ya ncha. Niliporundika alizikata zote kwa kisu akanirudisha mwanzo. Wakati ule niliona ni ukali wa mzee. Leo, nyumba baada ya nyumba hapa ugenini, naona alikuwa akinifundisha jambo lile lile la Briggs bila kumtaja: zibo linatoka kwenye chuma, nyuzi zinasaidia.

Wanaobishana ikiwa tepu ni bora kuliko dawa au dawa ni bora kuliko tepu wananichosha kidogo, na nalisema hilo kwa heshima. Kwa nyuzi 103 na pauni moja na nusu, chochote kati ya hivyo kinachoruhusiwa kwa mvuke kwenye maandishi ya kopo lake kinafaa. Mimi hupaka dawa, au huzungusha tepu mara mbili au tatu na kupaka dawa kidogo juu yake. Hesi ya kwanza mdomoni naiacha tupu ili vipande vya tepu visije vikaingia kwenye bomba na kukwama ndani ya vavu. Basi. Ukinipa katani nitatumia katani. Ujerumani mafundi wa mabomba ya kupasha joto wanaitumia mpaka leo.

Ila kuna jambo moja ambalo ndugu zetu wanaotoka nyumbani na vipuri mkobani inafaa walijue. Kenya na Tanzania hesi zetu ni za Kiingereza. Kwa bomba la nusu inchi na la robo tatu, hesi za Kiingereza na za Kimarekani zina idadi moja, 14 kwa inchi, kwa hiyo zitaingiana vizuri kabisa mkononi. Lakini pembe za hesi ni tofauti: za Kiingereza ni digrii 55, za Kimarekani 60. Hazibanani. Ungio la namna hiyo litavuja hata ulijaze tepu ya duka zima, na halitakwambia kwa nini.

Nifike kwenye yunioni, kwa sababu hapo ndipo imani ya tepu inapokosea waziwazi kuliko mahali pengine. Kila rejeta imeungwa na vavu yake kwa yunioni: nati kubwa inayovuta vipande viwili vikutane. Nimeona hesi za nati hiyo zimevishwa tepu katika nyumba nyingi kiasi kwamba nimeacha kushangaa. Hesi za yunioni haziguswi na mvuke. Kazi yake ni kuvuta tu. Kinachoziba ni nyuso mbili zilizosuguliwa mpaka zikalingana, mara nyingi moja ya shaba, zinazokutana ndani kama kifuniko na chungu. Ukiweka tepu kwenye nati umeifanya iwe ngumu kuvuta, na nyuso hazikutani sawasawa. Yunioni ikivuja, kuna uchafu kwenye nyuso, au kuna mkwaruzo, au rejeta na bomba havitazamani. Hii ya mwisho ndiyo ya kawaida. Rejeta imezama sakafuni kwa uzito wake wa miaka mia, bomba limebaki pale pale, na nati inalazimishwa kuunganisha vitu vinavyopishana. Kipande cha ubao chini ya miguu ya rejeta kimeponya yunioni nyingi kuliko dawa yoyote niliyowahi kununua, na papo hapo kimerudisha mwinamo wa rejeta kuelekea kwenye vavu, maji yakapata njia ya kushuka.

Lakini mwizi mkubwa kuliko wote ni kutanuka. Chuma hutanuka kikipata joto, jambo ambalo kila mtoto wa shule anajua na karibu kila mtu husahau akishika spana. Bomba kuu la mvuke katika nyumba ya jirani yangu lina urefu wa mita 12 hivi. Usiku wa baridi likiwa limepoa lina nyuzi 20. Mvuke ukifika linapanda hadi 102. Kwa tofauti hiyo chuma cha mita 12 hurefuka karibu milimita 12. Moto ukizima, linarudi. Boila ikiwaka na kuzimika mara kadhaa kwa siku, kwa miezi sita ya baridi, bomba hilo linasukuma na kuvuta zaidi ya mara elfu kwa mwaka. Kusukuma huko hakuna tepu inayoweza kukuzuia. Lazima kuwe na mahali pa kwenda.

Mafundi wa zamani walipapanga mahali hapo. Bomba kuu walilining'iniza kwenye vyuma vinavyobembea, na wakati wa kuliunganisha na boila au na bomba la kupanda ghorofani hawakuenda moja kwa moja. Walipinda: elbo, kipande kifupi cha bomba, elbo nyingine. Kona hizo, ambazo mtu asiyejua huziona ni upotevu wa vifaa, huruhusu bomba kuzunguka kidogo sana kwenye hesi zake, kama kiwiko cha mkono, bila kung'oa chochote. Mtu akibadilisha boila na kuunga mabomba njia ya mkato, amekiondoa kiwiko hicho. Na akitumia shaba iliyolehemiwa mahali pa chuma chenye hesi, amezidisha, maana shaba hutanuka karibu mara moja na nusu ya chuma, na lehemu haizunguki. Inavutwa mpaka inaachia. Ungio la hesi lililokazwa vizuri linastahimili miaka themanini ya kwenda na kurudi. Nimefungua lenye umri huo nikakuta dawa ya zamani ya risasi na mafuta ya kitani imekauka kuwa unga, na bado lilikuwa halivuji.

Hapo najua nitapingwa. Jirani mwingine aliniambia, na kwa haki: "Lakini mimi nilifungua, nikafunga tepu upya, likaacha kuvuja. Utasemaje?" Nitasema hivi. Ulipofungua ulisafisha hesi zilizokuwa na kutu. Ulipofunga ulikaza kwa uangalifu kuliko aliyekutangulia. Huenda pia ungio hilo lilikuwa na kasoro ndogo ya kweli, kwa maana zipo: hesi zilizokatwa na kisu butu, ungio lisilopakwa kitu kabisa, ungio lililokazwa likapita alama, fundi akalirudisha nyuma nusu mzunguko ili elbo itazame upande anaotaka, na hilo kwa tepu halisameheki. Hayo yote tepu mpya au dawa mpya huyaponya, na sina ugomvi nayo. Vilevile ungio jipya linalotoa jasho wiki ya kwanza mara nyingine huziba lenyewe kwa kutu. Ninachokataa ni kurudia. Ungio lililofungwa upya kwa usafi mara moja likavuja tena limeshajibu swali, na jibu ni kwamba kuna kitu kingine kinalisukuma.

Kitu hicho kingine mara nyingi ni bomba lililobanwa. Mara nyingine ni maji yaliyotuama mahali bomba lilipolegea na kupinda kwa chini. Bomba kuu linalopeleka mvuke na maji upande mmoja linataka kushuka angalau inchi moja kwa kila futi 20, na vikikutana uso kwa uso linataka inchi moja kwa kila futi 10. Likilegea, maji hukaa. Mvuke ukija kwa kasi huyabeba na kuyapiga kwenye elbo inayofuata. Ule mlio wa nyundo usiku ambao wapangaji hulalamikia ndio huo, na kila pigo linatua kwenye ungio.

Na mara nyingine ni presha. Nyumba ikiwa baridi, watu huenda kwenye kidhibiti na kukipandisha, pauni tatu, pauni tano, wakidhani wanaongeza joto. Mvuke wa pauni tano una nyuzi 108. Umeongeza presha zaidi ya mara tatu ukapata nyuzi tano, na kwa hizo tano vipumulio vya hewa kwenye rejeta vinaharibika na mashina ya vavu yanaanza kutoa mvuke. Kuna hali nyingine ya kusikitisha zaidi: kidhibiti kimewekwa sawa, lakini kile kijibomba kilichojikunja duara kinachokiunga na boila kimejaa tope. Kidhibiti kimekuwa kipofu. Boila inapanda presha bila kizuizi mpaka joto la chumba litosheke. Nyumba ambayo ilikuwa kavu ikianza kuvuja mahali kadhaa kwa wiki moja, mimi siangalii maungio. Naizima boila, naiacha ipoe, nafungua kijibomba hicho na kukisafisha.

Ziada ya dawa ina madhara yake pia, na haya hayasemwi vya kutosha. Dawa ya bomba ina mafuta. Mafuta ya kukatia hesi nayo hubaki ndani ya mabomba mapya. Yote hushuka na maji hadi kwenye boila na kuelea juu. Maji yenye utando wa mafuta hayachemki kwa utulivu. Huumuka na kuruka kama uji unaofurika, maji mabichi yanabebwa na mvuke kwenda kwenye mabomba, kioo cha kina cha maji kinapanda na kushuka kama kimeingiwa na wazimu. Mwenye nyumba anasikia mabomba yakigonga, anaona maungio yakitoa maji, na anachukua tepu. Kumbe tiba ni kuengua: kuyaacha maji ya juu yamwagike polepole kupitia tundu la pembeni la boila, saa nyingi, mara nyingine kwa siku kadhaa, mpaka mafuta yaishe. Kila aliyepaka dawa kwa kidole kama anayepaka siagi ameongeza saa kwenye kazi hiyo.

Kuna uvujaji mmoja ninaouogopa, na hauonekani. Bomba la kurudisha maji katika nyumba nyingi limezikwa chini ya sakafu ya saruji. Likitoboka, hakuna tone la kuonekana, hakuna ndoo. Boila inaomba maji tu. Maji mapya huja na oksijeni, oksijeni hula chuma, na boila iliyopaswa kuishi miaka thelathini inakufa kwa michache. Kwa hiyo namwomba kila mwenye nyumba ya mvuke aweke karatasi ukutani karibu na boila, aandike tarehe na kiasi cha maji kila anapoongeza. Karatasi hiyo inasema ukweli kuhusu maungio yote ya nyumba, yanayoonekana na yaliyofichwa, kuliko tochi yoyote.

Neno la tahadhari kabla sijarudi kwa jirani. Gamba jeupe la kukinga joto lililozunguka mabomba ya zamani linaweza kuwa na asbesto, na hata kamba ya zamani iliyojazwa kwenye shina la vavu. Usilikwangue, usilivunje, usilifagie. Aitwe mwenye kibali. Na hakuna ungio linalofunguliwa boila ikiwa ya moto.

Tulikaa na jirani chini ya nyumba yake kama saa nzima siku ile. Nilimwomba aache boila iwake tangu baridi, nami nikaweka alama ya chaki kwenye bomba kuu karibu na elbo. Mvuke ulipofika, alama ilisogea kuelekea kwenye boila. Ilipaswa kusogea upande mwingine. Tulifuata bomba hadi mwisho wake wa mbali, nyuma ya chumba cha kulala ambacho mwenye nyumba wa zamani alikijenga humo chini. Bomba lilipita kwenye ukuta wa matofali, na mtu fulani, labda akizuia panya au baridi, alikuwa amelizungushia saruji ikalishika kama jino kwenye ufizi. Vyuma viwili vya kuning'iniza vilikuwa vimekatwa ili kupisha dari. Milimita 12 zilikuwa hazina pa kwenda isipokuwa kwenye ile elbo.

Sikugusa tepu. Tulimwita fundi mwenye leseni, mama mmoja mkimya aliyetazama saruji ile mara moja tu na kutikisa kichwa. Yeye na mimi tuliichimbua saruji kwa patasi, tukaweka kipande cha bomba pana kuwa mkono wa kupitishia, tukarudisha vyuma vya kuning'iniza na kuupata tena mwinamo. Ndipo alipofungua elbo. Ilikuwa na ufa. Aliweka mpya, akazungusha tepu mara mbili, akapaka dawa kidogo kwa brashi, akakaza mizunguko miwili na kitu, akaacha.

Jirani alitaka aongeze. Alimwonyesha kwa mkono: bado kidogo, mama, bado kidogo. Yule mama hakumjibu. Aliwasha boila, akamkabidhi chaki, na tukasimama watatu tukingoja alama isogee.